Modemu ya faksi: Daraja 1, 2 na 2.0 si suala la kasi (jibu kwa mdau wa Kirumba)

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Kwa faida ya wanaoingia sasa kwenye uzi nalirudia kwa ufupi. Ofisi yenu ya mabondo (vibofu vya hewa vya samaki) pale Kirumba, Mwanza, ina mnunuzi wa ng'ambo ambaye mpaka leo anatuma oda kwa faksi na anataka nyaraka zake kwa njia hiyohiyo. Mashine ya faksi imekufa, mkapata modemu (kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu) ya nje ya zamani yenye kebo ya pini tisa. Programu inakuuliza uchague daraja 1, 2 au 2.0. Fundi akakwambia chagua 2 kwa sababu ni kubwa kuliko 1, na kwamba 2.0 ni hiyohiyo, imeongezwa nukta tu. Ukiweka 2.0 modemu inajibu ERROR. Ukiweka 2 kutuma kunakwenda vizuri, lakini kila ukurasa unaoingia ni michirizi mitupu.

Fundi wako amekosea mara mbili, na makosa hayo mawili ndiyo yanayokutesa. Namba ya daraja haielezi kasi wala ubora wa karatasi. Inaeleza nani anafanya kazi kati ya kompyuta na modemu. Na 2 na 2.0 ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kuanzia 1998 nilikuwa nashughulikia simu na kompyuta kwenye kampuni moja ya kusindika minofu ya sangara hapa Mwanza. Wakati ule hakuna shehena iliyoondoka bila faksi: oda, ankara, nakala ya cheti cha afya ya samaki, namba ya mzigo wa ndege. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu ya kuvulia, na hata baada ya soko kufunguliwa tena, karatasi ziliongezeka maradufu. Mteja wa Ulaya alitaka kuona cheti kabla mzigo haujatua. Cheti kikitoka na michirizi, tani kadhaa za minofu zinabaki kwenye ubaridi na watu wazima wanapigiana kelele. Kwa hiyo mambo haya nimeyajifunza nikiwa nimesimama nyuma ya printa.

Tuanze na simu yenyewe, maana bila kuijua simu huwezi kuelewa daraja.

Anayepiga anatoa mlio wa hezi 1100 kwa nusu sekunde, ananyamaza sekunde tatu, anatoa tena. Anayepokea anajibu kwa mlio mrefu wa hezi 2100. Huo ndio ule mlio unaoumiza masikio ukinyanyua simu kimakosa. Baada ya hapo wanaongea polepole, biti 300 kwa sekunde. Mpokeaji anajieleza: naweza kasi hizi, karatasi ya upana huu, usomekaji huu. Mpigaji anachagua na kumjulisha. Kisha mpigaji anatuma mfululizo wa sifuri kwa sekunde moja na nusu kwa kasi waliyokubaliana, kupima laini. Zikifika salama, mpokeaji anakubali na ukurasa unaanza. Zikifika zimeharibika, wanashuka kasi na kujaribu upya: 14400, 12000, 9600, 7200, 4800, hadi 2400. Ukurasa ukiisha wanarudi kwenye biti 300, mpigaji anauliza "umeupata?" na mpokeaji anajibu. Mazungumzo yote haya yana kanuni yake ya kimataifa inayoitwa T.30, na ndani yake kila kimya kina kipimo. Kwa mfano, kati ya ule ujumbe wa kuchagua na zile sifuri za kupima laini, panatakiwa kimya cha milisekunde 75, pungufu au zaidi kwa 20 tu.

Sasa, nani anaendesha mazungumzo hayo? Hilo ndilo swali la daraja.

Kwa kuwa uko Kirumba, fikiria soko la samaki la Mwaloni. Mwenye mzigo anaweza kusimama mwenyewe, akataja bei, akasikiliza, akapunguza, akafunga biashara. Au anaweza kumkabidhi dalali na kungoja aletewe jibu. Daraja 1 ni mwenye mzigo mwenyewe: kompyuta ndiyo inayoongea T.30 neno kwa neno, modemu ni mdomo na masikio tu. Daraja 2 na 2.0 ni dalali: unaiambia modemu piga namba hii, tuma ukurasa huu, nayo inaongea na upande wa pili na kukuletea matokeo.

Daraja 1 ni kiwango halali, TIA-578 cha mwaka 1990 (TIA ni chama cha viwanda vya mawasiliano cha Marekani), na baadaye kikaingia kwenye mapendekezo ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kama T.31. Amri zake ni chache mno. AT+FTH=3 maana yake tuma ujumbe wa polepole, AT+FRH=3 pokea ujumbe wa polepole, AT+FTM=96 tuma ukurasa kwa 9600, AT+FRM=96 pokea kwa 9600. Kuna nyingine za kukaa kimya kwa muda fulani au kungoja kimya, basi. Akili yote iko kwenye programu. Uzuri wake mkubwa nauweka hapa: programu ikiboreshwa, modemu yako imeboreka. Modemu tuliyonunua haikuwa na habari yoyote ya kusahihisha makosa, lakini toleo jipya la programu lilipokuja na uwezo huo, modemu ileile ikaanza kupokea kurasa safi kwenye laini mbovu. Ukurasa unakatwa vipande vya baiti 256, kila kipande kina alama ya kukihakiki, na kilichoharibika kinaombwa tena. Kwenye laini za waya zilizopita juu ya nguzo kipindi cha mvua, hilo lilikuwa jambo kubwa sana kwetu.

Ubaya wa Daraja 1 ni muda. Kompyuta lazima iwahi kila kimya na kila jibu. Ikichelewa, upande wa pili unarudia kuuliza, na baada ya mara tatu unakata.

Hili lilitupata waziwazi. Modemu ilikaa kwenye kompyuta ya mhasibu, 486 yenye Windows 95. Asubuhi faksi zilikuwa safi, mchana zinaharibika. Nikadhani ni laini, nikaita mafundi wa simu, wakapima, laini haina tatizo. Siku moja nikakaa pale pale mezani. Faksi inaingia, ukurasa unakua vizuri kwenye kioo. Mhasibu akabonyeza kuprinti ankara, printa ikaanza kulia, na kwenye ile picha ya faksi pakatokea ukanda wa mistari iliyochanika, upana wa vidole viwili. Printa ikanyamaza, mistari ikanyooka. Kompyuta ile ilikuwa na chipu ya siriali (inayohudumia ile poti ya pini tisa) ya kizamani, 16450, ambayo inashika baiti moja tu kwa wakati. Poti ikiwa kwenye 19200, baiti mpya inafika kila nusu ya milisekunde. Kompyuta ikichelewa kuichukua, inayofuata inaifuta. Tuliweka kadi yenye 16550A, ambayo ina ghala la baiti 16, na modemu ikahamishiwa kwenye kompyuta isiyofanya kazi nyingine. Ule ukanda hatukuuona tena.

Daraja 2 lilizaliwa kutibu shida hiyohiyo. Kazi ya muda ipelekwe ndani ya modemu, kompyuta ipumue. Wazo zuri. Balaa ni namna lilivyotoka. Kamati ya Marekani iliandaa rasimu na kuipeleka kupigiwa kura, kura haikupita, rasimu ikarudishwa kurekebishwa. Watengenezaji hawakungoja. Walikwisha kuiweka rasimu ile kwenye chipu na kuziuza dunia nzima. Kwa hiyo "Daraja 2" ni rasimu ambayo haikuidhinishwa, na kila mtengenezaji aliisoma kwa macho yake. Kiwango halisi kilipotoka baadaye, TIA-592, jina la 2 lilikuwa limekwisha kuchukuliwa, ndiyo maana kikaitwa 2.0. Ile nukta inatenganisha rasimu na sheria.

Na amri hazifanani. Daraja 2 linatumia +FDCC kueleza uwezo wa modemu, 2.0 linatumia +FCC. Daraja 2 likikata simu linaandika +FHNG na namba ya sababu, 2.0 linaandika +FHS. Programu iliyoandikiwa moja haimwelewi mwenzake. Modemu yako ikijibu ERROR kwa 2.0 haijaharibika, haina daraja hilo tu. Zipo nyingi za namna hiyo zenye 1 na 2 pekee, na zipo zenye 1 na 2.0 bila 2.

Sasa michirizi yako. Nina hakika kubwa naijua, kwa sababu ilitukuta vilevile: kutuma safi, kupokea uchafu. Ukurasa wa kwanza niliouona ulikuwa na vistari vyeusi vifupi vimelala, kisha weupe, kisha vistari tena, mpaka chini. Hakuna herufi hata moja. Nilipiga simu ya sauti kwa aliyetuma, akasema kwake mashine imeandika imefika salama.

Faksi haitumi vitone kimoja kimoja. Kila mstari una vitone 1728, na kinachotumwa ni hesabu: vyeupe vingapi, vyeusi vingapi, vyeupe vingapi, kila hesabu na alama yake ya biti. Mfano, mstari unaoanza moja kwa moja na weusi hutanguliwa na alama ya "vyeupe sifuri", ambayo ni 00110101. Modemu nyingi za Daraja 2 zikipokea zinaikabidhi kompyuta kila baiti ikiwa imegeuzwa, biti ya mwisho mbele. Hiyo 00110101, ikikaa ndani ya baiti moja, inasomeka 10101100. Programu inasoma 101011 za mwanzo, ambazo kwenye jedwali ni "vyeupe 17", na sifuri mbili zinazobaki zinaungana na alama inayofuata na kuiharibu nayo. Ukiendelea hivyo mstari mzima, unapata michirizi. Taarifa zote zimefika, hakuna hata biti moja iliyopotea. Zimesomwa kinyumenyume nane nane.

Kwa hiyo usimlaumu mnunuzi wako wala laini. Tafuta kwenye programu mahali pa kupanga mwelekeo wa biti wakati wa kupokea, ugeuze. Kwenye HylaFAX (programu ya seva ya faksi) ni mstari wa RecvFillOrder kwenye faili la modemu: kama ni MSB2LSB weka LSB2MSB, au kinyume chake. Modemu nyingine zinakubali amri ya AT+FBOR kufanya hivyo zenyewe, lakini mimi napendelea kugeuza kwenye programu, kwa sababu nimeona modemu inayojibu OK kwa amri hiyo na isibadili chochote. Zile kurasa zilizoingia kama bado mnazo kwenye kompyuta, msizifute. Zinaweza kusomeka upya zikigeuzwa.

Kuna kasoro nyingine ya Daraja 2 ambayo inafanana na kifo cha modemu lakini siyo. Wakati wa kupokea, kompyuta inatakiwa itume herufi moja maalumu kuiambia modemu "leta ukurasa". Modemu nyingine zinangoja DC1, nyingine DC2. Ukituma isiyo yake, simu inaunganishwa, taa zinawaka, halafu kimya mpaka upande wa pili ukate. Nilipoteza karibu wiki nzima kwa herufi moja hiyo.

Nichague lipi, umeuliza. Kwa ofisi yako nasema Daraja 1, kwenye kompyuta ambayo haina kazi nyingine, na usahihishaji makosa ukiwa umewashwa. Hata kompyuta ya kawaida ya leo ina nguvu kuliko ile 486 mara nyingi sana, hivyo shida ya muda imepungua. Isipokuwa jambo moja: kama kompyuta yako haina poti ya pini tisa na unatumia kigeuzi cha USB, angalia. Vigeuzi vingine hukusanya baiti kwa milisekunde kadhaa kabla ya kuzipeleka, na kwenye mazungumzo yanayodai milisekunde 75, ucheleweshaji huo unaonekana. Ukiona simu zinakatika mwanzoni, kabla ya ukurasa, kwenye Daraja 1 na kigeuzi, ama tafuta kadi halisi ya siriali, ama rudi Daraja 2 na ule mwelekeo wa biti uliogeuzwa. Ningekuwa na modemu yenye 2.0 ya kweli ningeichukua bila kusita kwa seva yenye laini kadhaa, kwa sababu inabeba mzigo na inafuata kiwango. Lakini wewe huna, na una laini moja.

Maneno mengine utakayokutana nayo, kwa haraka tu. Daraja 2.1 ni 2.0 iliyoongezwa faksi ya 33600, na 1.0 ni ndugu yake upande wa Daraja 1. Daraja 8 ni sauti, halihusiani na faksi, ingawa linaitwa kwa amri ileile ya FCLASS. Na usichanganye daraja na kundi. Kundi la 3, ambalo karibu kila mashine ya faksi inatumia tangu 1980, ni aina ya faksi yenyewe kwenye waya. Modemu ya Daraja 1 na ya Daraja 2 zote zinatuma faksi ya Kundi la 3, na mnunuzi wako hana njia ya kujua unatumia daraja gani.

Laini. Hukusema kama ni waya wa shaba au simu ya mezani inayotoka kwenye kisanduku cha intaneti. Kama ni kisanduku, faksi ya kawaida inateseka, maana sauti inakatwa pakiti na pakiti zikipotea modemu inasikia pengo. Mwombe mtoa huduma aweke G.711 (namna ya kupitisha sauti bila kuibana sana), na kama kisanduku kinajua T.38 (njia ya kupitisha faksi kwenye intaneti) kiwashwe. Kisha punguza kasi ya juu hadi 9600. Dakika moja kwa ukurasa inatosha kwa oda ya mabondo.

Na radi, mkuu. Wewe unaijua Mwanza: mawingu yanapanda ziwani usiku, alfajiri inapiga. Watu wanachomoa umeme na kuacha waya wa simu, na modemu inaungua kupitia hukohuko. Nimezika modemu tatu namna hiyo, moja ikiwa imezimwa kabisa swichi. Weka kikinga radi cha laini ya simu chenye waya wa ardhi unaofika ardhini kweli, na wingu likija chomoa na ile plagi ndogo ya simu.

Sasa fungua PuTTY (programu ya kuiandikia modemu amri moja kwa moja) kwenye poti ya modemu na uandike amri hizi, moja moja:

AT+FCLASS=?
AT+FCLASS=1
AT+FTM=?
AT+FCLASS=2
AT+FMFR?
AT+FMDL?

Ya kwanza itakutajia madaraja yaliyopo. Nategemea kuona 0,1,2. AT+FTM=? itatoa orodha ya namba, na kama 145 imo, modemu inaweza 14400. Mbili za mwisho zitasema chipu ni ya nani na ni modeli gani. Halafu mwombe mnunuzi akutumie ukurasa mmoja ukiwa Daraja 1. Simu ikikatika, jaribu tena ukiwa Daraja 2, maana huko modemu yenyewe inaandika +FHNG na sababu. Ukiona 11, upande wa pili haukujibu kifaksi, labda simu imenyanyuliwa na mtu. Ukiona 27 wakati wewe ndiye unayetuma, walishindwa kupatana hata kwa kasi ya chini, hapo ndipo uende kwa watu wa simu. Bandika hapa majibu yote kama yalivyotoka, usiyafupishe, pamoja na jina la programu unayotumia. Jioni nikitoka kazini nitakuandikia mipangilio yake mstari kwa mstari.